Vipimo vya Mlingoti

Tarehe 11 Februari

Dada Futi,

Shikamoo. Ya Mama umpe ukiwa umekaa karibu naye, siyo kumrushia kutoka kwenye cherehani huku pini ziko mdomoni. Mguu wake unamwachia alale? Na mama mdogo, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima. Wiki nzima tulikuwa kwenye jengo la ghorofa kumi na moja ambalo lifti yake ina tabia ya kusimama kati ya saba na nane na kukataa kuzungumza na mtu. Tumeitengeneza, tumeaga, kesho yake tumeitwa tena.

Sasa nije kwenye Jumapili, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Utaratibu ni ule ule: naning'iniza kamera shingoni, napanda basi la kwanza linalotokea kituoni bila kuuliza linakwenda wapi, nashuka mwisho wa njia. Chochote kilichopo hapo ndicho ninachopiga picha. Jioni narudi. Wenzangu kazini wanasema nimerukwa na akili, mtu ana siku moja ya kupumzika anakwenda kuchoka. Nawaambia siku sita nashinda ndani ya shimo la lifti, napanda na kushuka mahali pale pale. Jumapili nikikaa kitako nitapasuka.

Leo basi limenifikisha kwenye kituo cha zamani cha zimamoto. Siku hizi ni sehemu ya kutembelea. Kuna mnara waliokuwa wakiangalizia moto, ngazi mia na themanini na nane, nimezihesabu kwa ajili yako. Mlinzi alinitazama urefu akaniambia nikifika juu niiname, mlango ulijengwa kwa watu wa kawaida. Niliinama, na bado nimejigonga.

Nimechapisha picha nne. Ile ya mapaa, angalia kona ya kushoto: jengo la kijivu, ghorofa ya nne, taulo la bluu kwenye kamba. Ndiyo kwangu hapo. Mtengeneza lifti anaishi kwenye jengo lisilo na lifti, cheka tu.

Jumapili ya kwanza ya Machi nitavunja utaratibu, nitachagua basi. Nataka kwenda bwawani. Wanasema kuna ukuta wa mawe unaweza kutembea juu yake maji yakiwa upande mmoja.

Mdogo wako,
Mlingoti


Tarehe 24 Februari

Mlingoti,

Marahaba, na Mama anaitikia mbili, moja ya akiba. Mguu uko vile vile, una siku zake. Mama mdogo ameishinda redio, imekufa. Mimi nimezungukwa na mashati ya shule mia mbili ambayo hayana mikono, na shule inafungua Jumatatu ijayo.

Picha zimefika. Mama amevaa miwani, amezitazama zote nne, akazirudisha kwenye bahasha. Akasema, "Picha bila mtu ni kalenda. Kalenda tunayo ukutani." Nikamwambia wewe ndiye unayeshika kamera, utaingiaje ndani? Akasema uiweke chini uingie, anataka kuona kama umekonda. Ameshikilia hapo hapo, hakubali jingine. Nami nimekumbuka kile kitufe ulichonionyesha mwaka juzi, kinachohesabu sekunde kumi. Basi huko bwawani weka kamera juu ya kitu, bonyeza, kimbia ukasimame. Kwa miguu yote hiyo uliyopewa, sekunde kumi zinakutosha na chenji inabaki.

Sasa langu. Kaa vizuri. Nimeomba nafasi kwenye chuo cha ukataji wa nguo, na wamenikubali. Kiko hapo hapo mjini kwako, miezi tisa, kuanzia mwisho wa Septemba. Wanataka jibu kabla ya tarehe thelathini na moja Agosti. Mama mdogo atahamia kwa Mama, nimeshazungumza naye, amekubali kabla sijamaliza sentensi. Ninachohitaji ni mahali pa kutupa godoro chumbani kwako.

Nina miaka thelathini na nne. Tangu nikiwa na kumi na saba nimekaa kwenye cherehani hii, dirisha hili, natazama geti la duka la misumari likifunguliwa na kufungwa. Nimewapima watu wote wa mtaa huu, najua nani amenenepa kabla hajajua mwenyewe. Nimechoka, mdogo wangu. Mji wako nimeshaujua kwa picha, nataka kuukanyaga. Nijibu upesi kabla moyo haujanirudi nyuma.

Dada yako


Tarehe 6 Aprili

Mlingoti,

Hatujambo. Salamu zako sijazipata, kwa hiyo sina cha kuitikia.

Wiki sita. Nimepiga simu hadi kidole kimechoka. Nimepata ujumbe mmoja: "Niko kazini mbali. Nitaandika." Hakuna shikamoo, hakuna Mama hajambo. Wewe hata ukiandika kwamba nyumba inaungua utaanza na shikamoo. Nimemsomea Mama nikiongezea salamu zako mwenyewe, na ameziamini.

Kama ni lile la godoro limekukimbiza, sema.

Dada


Tarehe 19 Mei

Dada Futi,

Shikamoo, na unisamehe. Mama shikamoo, naye anisamehe. Natumaini mguu umepata nafuu na mashati yamepata mikono. Mimi ni mzima. Mwandiko usiutazame sana, naandika juu ya mapaja.

Kazi ilikuwa nyingi na ilikuwa mbali. Halafu mambo yalibadilika: wamenihamishia karakanani. Sasa sipandi tena mashimoni, nakaa kwenye meza ya kazi natengeneza bodi za umeme za lifti, zile zenye vitufe. Ni kazi safi. Nimehama pia chumba, niko chini, nyuma ya karakana. Ngazi za ghorofa nne nilizichoka. Kwa hiyo taulo la bluu msilitafute tena kwenye picha.

Jumapili nimeanza tena kutoka. Mbili za kwanza zilinitoa jasho, lakini ndani ya chumba nilikuwa naona kuta zinanisogelea. Nawatumia picha ya bustani ya mimea, njia yake imesakafiwa vizuri mwanzo hadi mwisho, na ya mgahawa wa stesheni.

Simu yangu ina matatizo ya kusikia, bora barua.

Mlingoti


Tarehe 2 Juni

Mlingoti,

Marahaba. Mama amelia kidogo kwa furaha halafu akakasirika kwa dakika kumi, ndiyo kawaida yake. Mguu una nafuu. Mama mdogo amenunua redio nyingine, hii inajibu.

Picha tumeziona. Hata hizi hazina mtu. Mama ameuliza, "Mbona bado kalenda?" Ile ya mgahawa ni nzuri lakini ya ajabu: meza siioni juu, naiona ubavuni, na vikombe vimesimama kama majengo. Umepata mtindo mpya? Mteja wangu mmoja anayejua mambo hayo amesema ni usanii. Haya.

Hukugusa lile la chuo hata kwa ncha ya kalamu. Narudia, labda barua ya Februari ililowa: naja mwisho wa Septemba, nataka mahali pa godoro, jibu ni kabla ya Agosti kwisha.

Na jambo la pili, hili ni la furaha. Nimesikia makumbusho ya mji wenu, ghorofa ya juu, yana chumba kizima cha cherehani za zamani, hadi ile ya kuzungusha kwa mkono yenye meza ya chuma. Nenda, nipigie picha. Nimekuomba mara ngapi kitu katika maisha yako?

Dada


Tarehe 30 Juni

Dada,

Shikamoo zenu wote watatu. Mimi mzima, kazi nzima, jua la huku halina huruma.

Makumbusho nimekwenda. Nimepiga picha mitambo ya kuchapa magazeti na gari la kwanza la wagonjwa, vyote viko ukumbi wa chini. Cherehani sikuziona, ghorofa ya juu wanafanya ukarabati, wamefunga kamba. Labda mwakani.

Kuhusu chuo, nimekuwa nikifikiri. Kwanza nasikia walimu wazuri wameondoka. Pili chumba changu ni kidogo, nikinyoosha mkono nagusa ukuta wa pili. Tatu mwenye nyumba hataki wageni wa kulala. Na Mama na mguu wake utamwachaje? Fikiria tena. Huenda mwaka mwingine ungekuwa bora.

Mlingoti


Tarehe 11 Julai

Mlingoti,

Mama hajambo. Salamu nimefikisha.

Mwalimu wa shule ninayoishonea amerudi juzi kutoka huko, alipeleka wanafunzi. Wamepanda ghorofa ya juu ya makumbusho wote arobaini na wawili. Hakuna kamba, hakuna mtu mwenye rangi wala brashi. Amenieleza cherehani moja moja hadi zile za watoto za kuchezea. Nilikuwa nampima kiuno, nikasahau namba.

Mtu mwenye sababu ya kweli hutoa moja. Wewe umenitolea tatu, na ya nne ukambebesha Mama. Sijawahi kukusikia ukimtumia Mama kama mlango wa kujifungia. Kama hunitaki huko, andika hivi: Dada, sikutaki. Ni maneno mawili na nitayaelewa. Nitapanga chumba kwa watu baki, na mashati nitaendelea kukushonea kwa sababu hakuna duka lenye mikono ya urefu wako.

Lakini usinidanganye. Nimekulea nusu. Ulipoanza kusimama wima ulishika pindo la sketi yangu.

Dada


Tarehe 28 Julai

Dada,

Shikamoo. Ziko hapa picha tatu za cherehani. Ile ya kuzungusha kwa mkono ni ya katikati. Nilikosea, ukarabati ulikuwa umekwisha.

Sikuandika kwamba sikutaki. Sitaandika hivyo.

Mlingoti


Tarehe 9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, amelala, mama mdogo yuko sokoni. Niko peke yangu na meza ya kukatia, nimeondoa vitambaa vyote na kuzipanga picha zako tangu Mei. Ziko ishirini na mbili.

Nianze na za cherehani, maana ni zangu. Ni nzuri. Zimepigwa kwenye kabati la kioo, na kioo kimefanya kazi yake: kimemwonyesha aliyeshika kamera. Ana kofia yenye beji na tumbo la miaka hamsini. Nadhani ni mlinzi. Umempa kamera mlinzi apande nayo juu. Kamera ambayo mwaka jana hukukubali hata niifute vumbi.

Halafu nikazitazama nyingine. Mimi sijui usanii, najua urefu. Kaunta ya tiketi ni mita moja na kidogo, popote duniani. Wewe umempiga karani kuanzia chini ya kidevu. Kitasa cha mlango wa bustani kiko sawasawa na jicho lako. Meza ya mgahawa umeiona ubavu. Nimechukua futi, nimekaa kwenye kigoda changu, nimesimama, nimekaa tena. Hizi tatu za cherehani zimepigwa na mtu aliyesimama. Hizi kumi na tisa zote, kwenye bustani, barabarani, mvuani, zimepigwa na mtu aliyekaa. Hakuna hata moja aliyoipiga akiwa ameinuka. Na mtu huyo nimempima mara ya mwisho Desemba, ana sentimita mia na tisini na moja.

Sikuulizi kitu. Ningetaka kukuuliza ningekuja na basi la kesho. Nimepata kitambaa cha kijivu kizuri na nataka kukushonea suruali, lakini suruali ya mtu anayekaa siku nzima haikatwi kama ya mtu anayesimama. Ukikata kama kawaida, nyuma inashuka na mbele inajikunja tumboni inachoma. Kwa hiyo nahitaji vipimo vipya. Kiuno, ukiwa umekaa. Nyuma, kutoka kiunoni hadi kwenye kiti. Mbele, kutoka kiunoni hadi penye paja. Kutoka makalioni hadi gotini. Kutoka gotini hadi kisigino.

Kama nimekosea, nicheke, uniandikie kwamba dada yako amechanganyikiwa na mashati. Nitafurahi kuliko siku niliyozaliwa. Kama sijakosea, andika namba tu.

Dada yako


Tarehe 20 Agosti

Dada Futi,

Shikamoo.

Kiuno 88. Nyuma 34. Mbele 18. Makalioni hadi gotini 65. Gotini hadi kisigino 57.

Amenipima mwenzangu wa karakanani kwa futi ya chuma, baridi yake imenikumbusha ya kwako ni ya kitambaa. Nimeandika namba, nikaweka kalamu chini, nikazunguka chumba mara mbili. Kuzunguka kwangu siku hizi ni kwa magurudumu. Sasa nimerudi mezani, na nisipoandika yote leo sitaandika kamwe.

Ilikuwa Jumapili tarehe tatu Machi. Ukuta wa bwawa una upana wa baiskeli mbili, upande mmoja maji, upande wa pili mawe makavu chini. Barua yenu ilifika Ijumaa, nilikuwa nayo mfukoni. Niliweka kamera juu ya nguzo fupi ya zege, nikabonyeza, nikakimbia. Mlisema kweli, sekunde kumi zilinitosha. Nilisimama, nikafungua mikono ili Mama aone sijakonda. Nikasikia kamera imelia. Nikafurahi, nikarudi nyuma hatua moja, na nyuma hapakuwa na ukuta.

Ni mita nne tu. Mimi niliyefanya kazi kwenye mashimo ya ghorofa kumi na moja. Uti wa mgongo ndio uliopokea. Miguu ipo, mirefu vile vile, lakini haina habari na mimi. Daktari anasema nisimngoje mtu wa kunipa tarehe ya kusimama tena. Ule ujumbe wa simu aliuandika mwenzangu, ndiyo maana haukuwa na shikamoo.

Sasa unajua kwa nini. Kazi wangenielewa, majirani wangenielewa, hilo halikunitisha. Nilitishwa na Mama. Angeuliza ilikuwaje, kama anavyouliza kila kitu, hadi afike kwenye ile picha. Na akifika hapo hataondoka. Nilijiambia bora anione mtoto mvivu wa barua. Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, Mama usimwambie hayo ya picha. Sema nilianguka kazini.

Kamera haikuguswa hata na vumbi. Mtu aliyeniokota aliileta hospitali. Ile picha imo. Nimesimama, nacheka kama mjinga, maji nyuma yangu yanang'aa. Ndiyo ya mwisho. Sijaichapisha, na siwezi kuifuta.

Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali nilishindwa kukaa. Unajua ninavyokuwa. Nilimwambia mwenzangu anipandishe basi lolote. Kondakta aliuliza ninakwenda wapi, nikasema mwisho wa njia, akafikiri namtania. Tangu hapo nimetoka kila wiki. Siku hizi kila mahali nauliza jambo moja: kuna ngazi ngapi? Bustanini hakuna. Makumbusho ni sita hadi ukumbi wa chini, nilibebwa, halafu ishirini na nane kwenda kwenye cherehani zako. Nilikaa chini ya ngazi hizo nikizitazama, na mlinzi akaniona, akachukua kamera akapanda nayo. Kwa hasira niliyokuwa nayo siku ile ningeweza kulivunja lile gari la wagonjwa.

Chuo chako nimekwenda Juni, kabla sijakuandikia uongo wangu. Kina ngazi saba mlangoni, madirisha makubwa, na walimu hawajaondoka. Nimekipiga picha, iko ndani ya bahasha hii. Chumba changu siyo kidogo kama nilivyosema. Kati ya kitanda na ukuta kuna mita moja na sentimita kumi. Godoro linaenea, nimelipima.

Jibu la chuo ni lako. Sitakuambia uje. Naogopa uje kwa ajili yangu, ukaacha dirisha moja ukakamatwa na jingine.

Mlingoti, kama jina bado linanifaa


Tarehe 1 Septemba

Mlingoti,

Jina ni lako. Nani mwingine ana 65 hadi gotini?

Barua imefika tarehe ishirini na saba. Nimeisoma nimesimama duka la misumari, sikuweza kusubiri kufika nyumbani, na mwenye duka amenipa kiti. Nimelia mbele ya watu wote niliowapima.

Kabla ya mengine nikuambie lililo moyoni. Mama alisema uweke kamera chini uingie. Hayo tu. Kitufe ni mimi. Kukimbia ni mimi. Sekunde kumi na chenji, ni mkono wangu, ninayo hata sauti niliyoandikia. Kama kuna wa kubeba, nibebeshe mimi, mgongo ninao. Nimesema, sitarudia, kwa sababu nikirudia utaanza kunibembeleza na wewe ndiye uliyeanguka.

Pili, nimekukosea. Mama nimemwambia yote. Nilijaribu ile ya kazini, nikafika katikati, akanitazama tu. Wewe unaweza kumdanganya kwa barua, uso kwa uso hujawahi, nami sijawahi. Nikamsomea barua yako kuanzia shikamoo. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza nani anakufulia. Nikasema sijui. Akauliza kama kitanda chako ni cha juu au cha chini. Mama mdogo akazima redio mwenyewe.

Nilimwambia, Mama, ile picha ipo, ya amesimama, tumwombe aichapishe? Akasema, "Hiyo akae nayo mwenyewe. Mimi nataka ya huyu aliyepo." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimsikia. Sikubisha hodi. Alipotoka aliomba sindano.

Suruali iko ndani ya kifurushi hiki. Vifungo ameshona yeye, kwa hiyo havitatoka hata ukifa. Mifuko ya nyuma sikuweka, ungeikalia ikuumize. Nimeiweka juu ya mapaja, mmoja unameza kamera. Ikibana popote niandikie, usijikaze.

Chuo nimekijibu tarehe ishirini na nane. Nimesema ndiyo. Sikiliza vizuri: nilisema ndiyo moyoni tangu Februari, ulipokuwa bado unapanda minara. Siji kuwa muuguzi wako. Nina miezi tisa ya kujifunza na Jumapili tisa mara nne za kupanda basi bila kuuliza linakwenda wapi. Wewe utafua nguo zako na mimi zangu, na tutagombana juu ya taulo.

Treni yetu inaingia Jumamosi tarehe ishirini na moja, saa nane mchana. Nasema yetu. Mama anakuja kukaa wiki mbili. Nilimkumbusha mguu wake, akasema mguu siyo mlezi wake.

Dada yako


Tarehe 12 Septemba

Dada Futi,

Shikamoo. Mama, shikamoo, na hii umsomee mwenyewe polepole.

Suruali imekaa. Nyuma haishuki, mbele haichomi. Mwenzangu wa karakanani ameitazama akaniuliza fundi wako anachukua kazi za nje? Nikamwambia fundi anaingia chuoni, hana nafasi. Nafua mwenyewe, mwambie Mama. Kitanda ni cha chini.

Tangu barua yako sijatulia. Jumapili iliyopita sikupanda basi lolote, nilikwenda stesheni kuipima. Nimekaa pale kutoka asubuhi hadi treni ya saa nane ilipoingia, nimetazama watu wanavyotoka. Sasa nisikilize. Mtashukia jukwaa la pili. Watu wote watakimbilia kushoto, kwenye lango kubwa. Msiwafuate. Huko kuna ngazi ishirini na mbili, hazimfai Mama, hazinifai mimi. Mshike mkono, mgeuke kulia, mpite ofisi ya mizigo. Mbele kuna lango la mikokoteni. Ni la bati, ni baya, linanuka mafuta, lakini sakafu yake ni sawa kutoka jukwaani hadi barabarani, sijaona hata kizingiti. Nimelipita mara tatu kuhakikisha. Nitakuwa hapo upande wa kivuli kuanzia saa saba.

Picha anayoitaka Mama sijaituma kwa sababu sitaki aipokee kwenye bahasha. Nitampigia hapo hapo langoni, naye akiwemo. Kuna mzani wa mizigo, urefu wake unafaa, kamera itakaa juu yake. Mimi na Mama tutakuwa tumeshajipanga. Atakayebonyeza na kukimbia ni wewe, na ukuta uko nyuma yetu, wa matofali, nimeugonga kwa mkono.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja mfike. Mahali pote penye watu, tangu shuleni, huwa unanitafuta juu ya vichwa vyao. Mama naye hivyo hivyo, najua shingo yake inavyonyooka. Jumamosi mtafika langoni mtanyoosha shingo, na mtanikosa, na mimi nitakuwa nawaona. Hilo sitaliweza. Basi mkifika, msitazame juu. Tazameni hapa chini.

Mlingoti